Kambi ya Bure Makambako

Jumatatu, 6 Julai 1953. Njombe.

Jalidi imeua viazi vyote vya mama. Lakini leo siwezi kuhuzunika. Habari kubwa! Bwana Shauri, mzungu wa serikali, ametuita barazani akasema serikali itajenga uwanja mpya wa mazoezi kwa wilaya nzima. Mmoja tu. Utasawazishwa kwa trekta. Milango ya chuma yenye nyavu. Chumba cha kuogea, maji moto. Na darasa la kufundishia vijana wenye vipaji. Utajengwa ama Njombe ama Makambako, na mpira ndio utakaoamua: timu mbili zitacheza hapa bomani Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Katibu wa timu itakayoshinda atakuwa Msimamizi wa Vipaji wa wilaya, na atapewa baiskeli.

Baiskeli! Nililiandika neno hilo mara mbili kwenye rejesta ya kesi za mbuzi, ikabidi nilifute.

Mimi Nahumu, karani wa pili wa baraza, ndiye katibu wa timu ya Hailandi ya Njombe. Naijua timu yangu. Uwanja wetu umeinama. Ukipiga kona ya upande wa chini, mpira unatafutwa kwenye miti ya miwati robo saa. Viatu vya njumu tunavyo jozi tatu, na jozi moja ni ya miguu miwili ya kulia. Wachezaji wanakula kiazi asubuhi na kiazi jioni. Tuna kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni mguu wa kushoto wa shemeji yangu Kefa. Akipiga yeye, kipa husikia mpira kabla hajauona.

Na katibu wa Makambako ni nani? Odilo! Fundi seremala, anayetembea na penseli sikioni hata kanisani. Simpendi tangu mwaka 1949, aliponisahihisha tahajia mbele ya watu. Eti "mashindano" haina h mbili.

Jumatano, 8 Julai. Makambako.

Nimeomba ruhusa kazini nikisema mjomba amefariki. Ni kweli. Alifariki mwaka 1938.

Nimekuja na lori la viazi la mzee Mika, nikajificha nyuma ya ua kumpeleleza Odilo. Afadhali nisingekuja. Amejenga ukuta wa mbao wa kupigia mashuti, una matundu yenye namba. Amening'iniza mpira kwa kamba, watu wanaruka kuupiga kichwa. Kuna vigingi vya kukimbia kwa zigizaga. Kuna pipa la uji wa ulezi! Na kila jioni anafundisha vijana wadogo, bure, kwa mikono yake. Winga wake wa kushoto, Agustino Haule wa Lugarawa, alipitisha mpira kwenye tundu namba nane mara tano mfululizo.

Lakini Mungu hamtupi mtu wa akili. Nilipogeuka kuondoka, nikaiona kambi ya kuandikishia manamba wa mkonge. Nimeipita miaka yote bila kuitazama. Mabanda ya mabati mapya. Moshi wa maharage na nyama. Mablanketi mazito yameanikwa. Dresa wa kutibu wagonjwa, mwenye koti jeupe. Na nyuma ya mabanda, kiwanja tambarare, kizuri hata ningepata mwana ningempa jina lake.

Msimamizi wa kambi anaitwa Sila, mnene, sauti ya upole. Akanieleza kwamba anayejiandikisha hula, hulala na hutibiwa bure hadi lori la kuwapeleka Tanga lije. Nikamwuliza lori huja lini. Akasema Jumatatu. Alitaka kuongeza neno, lakini nilikuwa nimeshaanza kumshukuru.

Usingizi hauji. Mpango umekamilika kichwani! Watu wangu wajiandikishe Jumatatu tarehe kumi na tatu. Wale nyama, walale kwenye blanketi, wafanye mazoezi siku nne. Ijumaa lori la mzee Mika liwachukue, Jumamosi tuwafunge Makambako. Jumatatu lori la mkonge litakuja kukuta mabanda matupu. Mkonge utugharamie timu! Nani mwingine katika jimbo hili angewaza hivyo?

Ijumaa, 10 Julai. Njombe.

Nimewaeleza wachezaji. Kumi walikubali niliposema neno nyama, kabla sijafika kwenye blanketi. Kefa akakataa.

Baba yake aliandikwa umanamba mwaka 1936, akarudi kifua kimekwisha. Kefa alimjua baba yake kwa kikohozi tu. Akasema dole gumba lake haliweki kwenye karatasi ile hata kwa mchezo. Nikamwambia hapo ndipo penye utamu wenyewe: hakuna atakayejiandikisha kwa jina lake. Kila mmoja atachukua jina la mchezaji wa Odilo! Watu wangu wakitoroka, askari watakwenda kuwakamata watu wa Makambako. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kefa atakuwa Agustino Haule, winga kwa winga.

Dada yangu Ema, mkewe Kefa, alikuwa anamenya viazi pale. Ana mimba ya miezi saba. Akasema kaka, ndugu ninao wengi, mume ninaye huyu mmoja, na mtoto huyu atapewa jina na baba yake, si na mwingine. Nikamwahidi kwa jina la marehemu baba. Nikamwahidi pia kwamba uwanja ukijengwa, Kefa atakuwa mwalimu wa vijana, mwenye nyumba ya bati. Ema akaendelea kumenya. Kefa akatazama lile paa lao la nyasi, halafu tumbo la mkewe, akasema sawa.

Nina kipaji cha kusema na watu.

Jumatatu, 13 Julai. Makambako.

Imekuwa rahisi kama kula. Karani wa kambi alipokea orodha ya majina niliyoiandika kwa mkono wangu, hatazami sura. Jina, dole, kifua, mwingine! Dresa akawagonga vifua akasema wote wazima. Kila mtu akapewa blanketi na kibati chenye namba cha kuvaa shingoni. Namba! Timu kubwa zote za Ulaya zina namba, na sisi sasa tunazo. Kambini walikuwako watu arobaini na tisa, kwa hiyo wetu wameanzia hamsini. Kefa alisitasita mlangoni, akawa wa mwisho. Namba sitini. Nikamwambia huko Ulaya winga wa kushoto huvaa kumi na moja, kwa hiyo yeye amewazidi. Hakucheka.

Sila akanishika mkono kwa mikono miwili. Alifurahi kupita kiasi. Watu wa tabia njema bado wapo.

Jumatano, 15 Julai. Makambako.

Raha tupu! Nyama jana, nyama leo. Watu wamenenepa, naapa. Kefa ametundika kopo juu ya mti akalipiga kwa mguu wa kushoto toka katikati ya kiwanja, mara tatu. Manamba wale wengine, watu wenye huzuni, wanakuja kutazama na kupiga makofi.

Jioni Odilo akasimama kwenye ua, penseli sikioni. Ilikuwa saa ya kuita majina. Akaitwa Agustino Haule, Kefa akaitika. Odilo akasikia. Akasikia na majina mengine kumi ya timu yake. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliniita pembeni akaniuliza kama nina wazimu. Akasema lori la mkonge halingoji Jumatatu kambi ikijaa, yeye mwenyewe ameikarabati bodi yake, analijua. Akasema watoe watu wako usiku huu huu.

Mtu anakaribia kupoteza uwanja na baiskeli, unategemea aseme nini? Anataka niwatoe wapoteze siku mbili za mazoezi! Nikamwambia ashughulike na mambo yake.

Kesho lazima nirudi barazani, mjomba hawezi kufa wiki nzima. Nimewaaga wachezaji na kuwapa maagizo: lori likija, pandeni haraka, msiulize, msijibu maswali, kaeni chini kimya. Nimeyarudia mara mbili. Kefa akaniomba nimpelekee Ema salamu na nyama aliyoikausha, imefungwa kwenye jani.

Alhamisi, 16 Julai. Njombe.

Barazani kutwa. Kesi ya nguruwe. Nyama ya Ema niliila njiani, baridi ilikuwa kali. Salamu nimefikisha.

Ijumaa, 17 Julai. Makambako.

Naandika juu ya goti, mwandiko si wangu wa kawaida.

Tumefika na lori la mzee Mika saa tano. Mabanda matupu. Kiwanja kitupu. Kopo la Kefa bado liko mtini.

Sila alikuwa anafagia. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani, kwamba lori huja Jumatatu, au siku yoyote wakitimia sitini. Walikuwa arobaini na tisa kwa majuma matatu, hawatimii. Watu wangu kumi na mmoja wakawatimiza. Jumatatu ileile alipeleka habari Iringa. Lori likaja jana asubuhi.

Nikauliza kama walikataa. Akasema hajapata kuona manamba watiifu namna ile! Walipanda mbio, wakakaa chini, hawakuuliza kitu. Walikuwa mle ndani kimya wakitabasamu. Mpaka lori lilipofika njia panda, likakata kuelekea Iringa badala ya Njombe. Hapo ndipo walipoanza kugonga bodi. Sila anasema aliwasikia mpaka lori lilipopotea.

Nilikaa chini kwenye majivu ya jiko. Miaka miwili. Karatasi inasema miaka miwili.

Sila akadhani nimechoka na safari. Akaingia ndani akatoka na mpira wa ngozi, mpya, wa kamba, unanuka duka. Akasema ni asante ya kambi kwa mtu aliyewatimizia hesabu. Sikutaka kuupokea. Ni mpira mzuri sana. Nimeupokea.

Jumamosi, 18 Julai. Njombe.

Watu wote walikuwako. Mama yangu Dorika na kiti chake. Wanafunzi na ngoma. Ema kwenye mstari wa pembeni, amebeba mayai ya kuchemsha kumi na moja kwenye kikapu. Watu wa Odilo walijipanga mstari mmoja. Upande wa pili nilijipanga mimi.

Odilo alinijia kabla ya Bwana Shauri. Alikuwa ameshasikia. Hakunicheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema lori linalala Iringa mpaka Jumatatu kungoja mengine, na Iringa simu inafika. Mwambie Bwana Shauri sasa hivi kwamba majina ni ya uongo. Mkataba wenye jina la uongo ni karatasi tu. Wenye majina hawa hapa, kumi na mmoja, na madole yao, nimekuletea wote. Akasema atasimama nami.

Nilitaka. Naandika hapa kwa haki, nilitaka. Lakini mwandiko wa orodha ile ni wangu. Karani wa baraza aliyeghushi majina anakwenda jela, na akitoka hapewi hata kazi ya kuhesabu mbuzi. Bwana Shauri akaja akauliza timu yangu iko wapi, na kama nina la kusema. Ema alikuwa ananitazama. Kikapu kile!

Nikasema timu yangu imeonekana. Neno likatoka lenyewe. Nikasema wamekuja watu kutoka pwani, wanatafuta vipaji, wamewachukua wote kumi na mmoja kwenye shule ya mpira huko Tanga, yenye maji moto. Shangwe! Ngoma ikapigwa. Mama alilia kwa furaha. Bwana Shauri akasema hajapata kusikia habari ya shule hiyo, lakini ni jambo jema, akanishika mkono, kisha akawapa Makambako ushindi na uwanja.

Ema hakupiga vigelegele. Alikuja akaniuliza kwa nini Kefa hakuaga. Nikasema haraka. Akatazama mayai yake, akawagawia wanafunzi.

Odilo hakunifichua kwa Bwana Shauri. Nadhani anaogopa kwamba askari watawashika watu wake kwa majina yale. Basi tuko salama wote wawili.

Jumapili, 19 Julai.

Kanisani tumewaombea vijana wetu waliobarikiwa vipaji. Mimi niliongoza sala. Mama amechinja kuku.

Bado kuna siku moja ya kupiga simu Iringa. Kuku alikuwa mgumu.

Jumanne, 21 Julai.

Siku imepita. Sasa haina maana kusema, hata mtu akitaka.

Ema amekuja nimwandikie barua. Anajua kusoma ingawa hajui kuandika, kwa hiyo kwenye bahasha nimeandika Kefa Mgaya, wazi kabisa, na jina la shamba nililolipata kwa Sila, nikamwambia ndipo ilipo shule. Kwa jina gani lingine ningeandika mbele yake?

Jumatatu, 12 Oktoba.

Sijaandika muda mrefu. Hapakuwa na mambo ya kujivunia.

Uwanja wa Makambako umekwisha. Nimeuona. Nyavu! Odilo anazunguka kwa baiskeli akitafuta vijana mpaka Mawengi na Lupingu.

Ema amejifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume, mguu wa kushoto una nguvu, amenipiga nao puani. Hana jina. Ema anangoja baba yake aandike. Wanawake kanisani wanamwita Mgeni, Ema anakasirika.

Leo barua yake imerudi. Juu yake wameandika kwa penseli nyekundu: hapana mtu wa jina hili. Nimeificha kwenye rejesta ya mbuzi. Nimemwambia posta ni ya polepole.

Jumatano, 14 Oktoba.

Odilo alikuja barazani kwa baiskeli, maili arobaini, katikati ya mvua. Akaniwekea karatasi mezani. Imetoka shambani Tanga, imeandikiwa baraza la Makambako. Inasema Agustino Haule, namba sitini, alivutwa mkono na mashine ya kusaga mkonge tarehe ishirini na tisa Septemba, akafa siku ya pili. Amezikwa hukohuko. Blanketi moja limerudishwa stoo.

Odilo akasema Agustino aliisoma mwenyewe, amesimama sokoni, watu wakamcheka maiti anayesoma cheti chake. Wakamnunulia pombe ya komoni. Ilikuwa kichekesho cha wiki. Odilo peke yake alikwenda nyuma ya ukuta wa mashuti akatapika.

Mimi nilitoka nje nikasimama mvuani. Nililia. Sijui nililia kwa muda gani, mpaka tarishi wa baraza alipokuja kuuliza kama mjomba amekufa tena.

Niliporudi ndani Odilo alikuwa bado anangoja. Akasema kumi wako hai. Ukimwambia Bwana Shauri leo, kumi watarudi. Na mwambie dada yako, maana anaishi na mume asiyekuwepo. Akanipa mpaka Jumapili. Nisiposema mimi, atasema yeye, na jela tutakwenda wote, yeye kwa kunyamaza na mimi kwa kuandika.

Ana maneno mazuri. Mwenye baiskeli huwa nayo.

Alhamisi, 15 Oktoba.

Ema amekuja tena na mtoto mgongoni, kuandika barua ya pili. Akanitajia maneno pole pole, nami nikaandika kila neno. Kwamba mtoto anafanana naye. Kwamba paa limevuja lakini ameliziba. Kwamba asihangaike kutuma kitu, atume jina tu. Nikaandika. Kalamu ilikataa mara moja, nikasema ni wino. Nikafunga bahasha, nikaandika Kefa Mgaya, Ema akaisoma, akaibusu, akaenda.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya yote yaliyotokea. Mtu mzima lazima ajichunguze. Jumapili Odilo atakuja, na mimi nisiwe mikono mitupu. Bwana Shauri ametangaza mechi ya pili sikukuu ya Krismasi: timu itakayoshinda italeta katibu msaidizi kwenye uwanja mpya. Nikishinda mimi, Odilo atakuwa mkubwa wangu kazini. Hawezi kumpeleka jela msaidizi wake.

Nina mpira mpya wa ngozi. Kuna vijana Mawengi wanaocheza pekupeku, wana njaa, hawajawahi kuiona kambi. Sila ameniambia kwamba kambini wapo arobaini na tisa tena. Nyama ni ya kutosha.

Nimeliona kosa langu, na sioni haya kuliandika. Lilikuwa la hesabu tu. Arobaini na tisa na kumi na mmoja ni sitini, lori likaja. Safari hii nitapeleka kumi.